Atokaye Kwanza Aoge Kwanza

Nyumba ilikuwa na watu tisa na bafu moja, na hesabu hiyo peke yake ingetosha kuvunja undugu. Bafu lenyewe lilikuwa mwisho wa korido. Mlango wake wa bati ulikuwa umepakwa rangi ya kijani mara nyingi hata ukanenepa, na kwa ndani ulifungwa kwa kipande cha waya kilichokunjwa. Kitasa kilikuwa kimekufa zamani na hakuna aliyekilia.

Sheria ya bafu ilikuwa umri. Alitangulia Babu, akafuata Bibi, kisha Shangazi, dada mkubwa wa Baba, kisha Baba, Mama, Mjomba ambaye ni mdogo wake Mama, kisha Dada, Kaka, na mwisho kabisa Kitinda. Jina hilo hakupewa kwa ubaya. Ndiye kitindamimba wa nyumba, wakamwita hivyo mpaka naye akasahau kulikasirikia. Babu alistaafu posta, alikopanga barua kwa miaka thelathini na moja, na sasa hakuwa na safari yoyote. Hata hivyo kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, aliingia bafuni na kukaa humo dakika arobaini akiimba puani. Shangazi naye alikuwa na duka la vitambaa lililofunguliwa saa nne, lakini saa moja kamili yuko bafuni akijisugua kana kwamba anaandaliwa maonyesho. Mjomba, mwoka mikate, na Dada, muuguzi, walitoka kabla hata Babu hajaoga, na kwa kuwa hawakuthubutu kumtangulia mzee, walioga usiku na kununa asubuhi.

Kitinda alikuwa akilipata bafu saa moja na nusu. Kazi yake ilianza saa mbili, na kwenda kwa miguu kulichukua dakika arobaini. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta.

Lakini kompyuta ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba vitatu na feni moja, na humo waliandika programu za shule na zahanati. Alikuwa na miezi miwili tu ya majaribio, na tayari amechelewa mara tatu. Meneja alikuwa mama wa maneno machache, mwenye sauti ya chini kuliko hiyo feni. Ijumaa alimwita mezani.

"Jumatatu, saa mbili kamili," alisema. "Ukichelewa mara ya nne, usipande ngazi. Zinachosha bure."

Kitinda alirudi nyumbani na jambo moja kichwani. Kazi aliipenda, aliitaka, na hakuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya sabuni ya Shangazi.

Jumapili mchana aliwakusanya wote sebuleni, akaweka kompyuta mezani katikati ya vikombe vya chai. Alitoa hoja yake kwa adabu zote: nyumba imekua, kazi zimekuwa nyingi, zamu za bafu zipangwe upya, na ili asionekane mtu kupendelewa, zipangwe na mashine. Neno "mashine" liliwaridhisha. Watu wa nyumba hiyo hawakuaminiana, ila mashine walikuwa hawajagombana nayo bado.

"Majina yenu nimeshayaingiza, kwa umri kama kawaida," alisema Kitinda. "Sasa naiambia ipange."

Akabonyeza. Mashine ikapanga kabla Kaka hajamaliza kupiga chafya, na Kitinda akasoma kwa sauti: "Baba, Babu, Bibi, Dada, Kaka, Kitinda, Mama, Mjomba, Shangazi."

Baba, aliyejikuta mbele ya baba yake mzazi, alisogeza kiti chake nyuma kidogo, kana kwamba kwa kufanya hivyo angeteremka kwenye orodha.

"Nimekuwa wa mwisho?" aliuliza Shangazi. Aliuliza polepole, na walio karibu naye walishika vikombe vyao. "Mimi niliyembeba huyu baba yako mgongoni, nioge baada ya Kaka, ambaye hata masikio haoshi?"

"Naosha," alisema Kaka, fundi cherehani, kwa unyonge.

"Mashine yako haina adabu," Shangazi alihukumu. "Irudishe ulikoitoa."

"Shangazi, haina adabu wala utovu wa adabu," Kitinda alijitetea. "Imefuata herufi tu. Haijui kama Babu ni mzee au Kaka ni mchafu."

"Naosha!"

"Sikilizeni. Mwalimu wa michezo akiwaambia watoto wajipange kwa urefu, anaangalia nini? Vichwa. Akiwaambia wajipange kwa umri, atamuuliza kila mmoja miaka yake. Watoto ni wale wale, majina ni yale yale. Kinachobadilika ni kile anachokiangalia kwa kila mmoja. Hicho ndicho kigezo. Mimi sikuipa mashine kigezo, ikaangalia herufi. Nipeni kigezo, niipe."

Hapo alikosea. Usiwape watu tisa wenye bafu moja nafasi ya kuchagua kigezo. Shangazi alitaka heshima, na heshima aipime yeye. Kaka alitaka muda: anayeoga haraka atangulie. Mama alitaka atangulie anayeliosha bafu baada ya kuoga, na akawatazama wote mmoja mmoja mpaka wakatazama dari. Mjomba alisema yoyote yatakayopitishwa yabandikwe mlangoni, na yakishabandikwa ni sheria, asirukwe mtu wala asiruke mtu. Mjomba ndivyo alivyo. Hata unga wa kunyunyiza mezani anaupima kwenye mizani.

"Kule posta," Babu alianza, "sisi barua tulikuwa..."

"Baba, leo hatuna barua," Shangazi alimkata. "Tuna bafu."

Babu akanywa chai yake.

Bibi ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuwa akishona kifungo muda wote, na hakuinua uso. "Maji ya asubuhi ni ya mwenye safari," alisema. "Atokaye kwanza aoge kwanza. Mimi nitaoga mchana, jua likishapasha tangi. Mnanisumbua bure."

Neno la Bibi halikuwa na rufaa. Kitinda alishusha pumzi, maana hicho ndicho kigezo alichokitaka tangu Ijumaa. Alizunguka akiuliza kila mmoja anatoka saa ngapi. Mjomba alisema kumi na moja. Dada, kumi na mbili. Kitinda mwenyewe, saa moja. Baba, fundi umeme, saa mbili, na Mama, mwalimu wa chekechea, naye saa mbili. Shangazi alisema saa moja.

"Wifi," alisema Mama kwa upole, "duka lako saa nne hata paka wake hajaamka."

"Basi andika tatu," alisema Shangazi. Kaka akasema nne. Shangazi akauliza, "Na wakifungana? Huyu saa mbili na huyu saa mbili?"

"Wakilingana, mashine haiwagusi. Inawaacha kama ilivyowakuta. Na imewakuta kwa umri, kwa hiyo mkubwa anabaki mbele."

"Hapo ndipo inaonekana imelelewa kidogo," alikiri Shangazi.

Wakabaki wawili. "Babu, nawe unatoka saa ngapi?"

Mzee alitazama kikombe chake. "Andika chochote, mjukuu wangu."

Mashine ilikataa nafasi tupu, ilitaka namba. Kitinda akaandika mia moja kwa Babu na mia moja kwa Bibi, namba kubwa ambayo hakuna atakayeifikia, ili wakae mwisho bila kumsumbua mtu. Akabonyeza. Wa kwanza kabisa alitokea Kitinda.

Furaha iliyompata haikuwa ya kawaida. Miaka yote ya maji baridi na sakafu iliyolowa ikayeyuka kifuani mwake. Na mtu akishaona jina lake juu, macho yake huwa hayana haja ya kushuka chini. Aliinakili orodha kwa kalamu nene bila hata kuiwaza, akaibandika kwenye mlango wa kijani, akaenda kupiga pasi shati la Jumatatu.

Alfajiri mlango wa chumba chake uligongwa.

"Kitinda! Amka ukaoge."

Ilikuwa sauti ya Mjomba. Nje bado kiza. "Saa ngapi, Mjomba?"

"Saa kumi. Wewe ndiye wa kwanza. Nami ni wa sita, na saa kumi na moja natakiwa niwe njiani. Fanya haraka, nikawaamshe wengine."

Kitinda aliinuka kwa mazoea ya utii, usingizi ukiwa bado umemkalia, akajimwagia ndoo ya maji ambayo hata samaki angeyalalamikia. Akili ilimrudia alipokuwa akijifuta. Wa sita? Mjomba anayetoka kabla ya wote, wa sita?

Alipofungua mlango, korido ilikuwa imejaa. Baba alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, taulo kichwani. Mama ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Shangazi amevaa vazi la kulalia na uso wa kuhukumia. Kaka amelala wima. Nyuma yao amesimama Mjomba, saa mkononi, na nyuma ya Mjomba, Dada, amevaa sare nyeupe na kukunja mikono.

"Mjomba, si ungeingia tu kwanza!" alisema Kitinda.

"Niruke mstari?" Mjomba alishtuka kikweli. "Jana nilisema nini? Sheria ni sheria. Nimewaamsha mlio mbele yangu wote, mmalize kwa utaratibu, nami nioge asubuhi kama binadamu mwingine."

"Mwanangu," alisema Mama bila kufumbua macho, "mashine yako inasema mimi wa saa mbili nioge kabla ya wa saa kumi na moja."

Kitinda alisimama pale, maji yakimdondoka kwenye visigino, akaisoma orodha kuanzia juu hadi chini kwa mara ya kwanza. Moja, mbili, mbili, tatu, nne, kumi na moja, kumi na mbili. Imepangika vizuri kabisa. Mashine iliambiwa moja ni ndogo kuliko kumi na moja, na ni kweli ni ndogo. Hakuna aliyeiambia kwamba kwa watu wa nyumba hii kumi na moja ni alfajiri, kumi na mbili jua linachomoza, na moja ndiyo inakuja baadaye. Yeye ambaye tangu utotoni anasoma saa hivyo, hata hakuona kuna la kueleza.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimeipa saa kama tunavyozitaja. Yenyewe imezihesabu kama mayai."

"Kwa hiyo turudi tukalale?" Kaka aliuliza, akiwa na matumaini.

"Mrudi. Mjomba aingie, kisha Dada. Nyinyi wengine mtaendelea mkiamka."

Shangazi alipita mbele yake, akasimama. "Sisemi kitu," alisema, na kwa Shangazi hilo lilikuwa tusi zito. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine.

Kitinda alirudi chumbani na kuvaa shati la Jumatatu na viatu. Akafungua kompyuta, akarekebisha kigezo pale pale: saa yoyote kati ya kumi na kumi na mbili ipunguzwe kumi na mbili kabla ya kulinganishwa, ili alfajiri itangulie asubuhi. Akabonyeza. Mjomba akapanda juu, Dada akafuata, yeye wa tatu. Sawa kabisa. Bado ilikuwa saa kumi na nusu. Alijilaza na viatu vyake ili apumzike dakika tano.

Wahenga walisema kutangulia si kufika, na pengine walimwona Kitinda.

Alichosikia baadaye ni vidole vikigonga mlango taratibu.

"Mjukuu wangu. Umo?"

Mwanga ulikuwa umejaa dirishani. Kitinda aliruka kitandani na kutazama saa: moja na dakika thelathini na tano. Alifungua mlango. Babu alikuwa amesimama hapo, taulo begani, sabuni mkononi. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango wa bafu, na ndani ya bafu Kaka alikuwa akimwaga maji.

"Babu, mbona hakuna aliyeniamsha?"

"Wanajua umeshakwenda. Si ulioga wa kwanza?" Babu alisema. "Mimi nimekaa hapa tangu saa kumi na mbili, nikingoja zamu yangu. Kila mtu nimemwona akipita. Wewe sikukuona."

Kitinda alianza kulia, bila sauti, akitafuta mkoba. "Nimekwisha. Njia ni dakika arobaini. Hata nikikimbia."

"Njia ipi?"

"Ya barabara kuu, Babu, ipi nyingine?"

Babu alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, kama mtu aliyeulizwa hatimaye swali analolijua. Aliweka sabuni juu ya kiti. "Twende," alisema.

Babu hakuwahi kutoka nje bila kuoga. Siku hiyo alitoka na malapa yake, taulo begani, na alitembea upesi kiasi kwamba Kitinda ilimbidi akimbie kidogo ili asiachwe. Walipita nyuma ya kiwanda cha uchapaji, wakakatiza uwanja wa muuza mbao, wakajibana kwenye uchochoro baina ya kuta mbili ambao Kitinda alikuwa akiuona kila siku na kudhani ni mfereji. Fundi viatu mmoja mwenye mvi aliinua nyundo. "Mzee wa posta! Leo una barua yangu?"

"Leo nina kifurushi," Babu alijibu bila kusimama.

Kwenye ngazi za mawe alipunguza mwendo, si kwa kuchoka bali ili azungumze. "Jana nilitaka kuwaambia. Barua hatukuzipanga kwa majina. Tarishi angezunguka mji mzima mara kumi. Tulizipanga kwa hatua zake. Nyumba anayoifikia kwanza, barua yake ya kwanza mkobani. Jina lianze na herufi yoyote, shauri lake. Ndiyo maana ilinibidi nizijue njia zote, hata hizi za paka."

"Babu, hicho ndicho kigezo," alisema Kitinda akihema. "Ndicho nilichokuwa nawaeleza."

"Mimi jina lake sikulijua. Nilikuwa nakifanya tu." Walivuka kibarabara. "Nami uliniandikia saa ngapi?"

Kitinda alitamani uchochoro mwingine wa kujificha. "Mia moja, Babu."

Mzee alitembea hatua kadhaa akipiga hesabu. "Kutoka Jumatatu, saa mia zinaangukia Ijumaa. Ulitaka nioge Ijumaa?"

Kitinda alicheka na machozi yake bado usoni, na papo hapo aibu ikamkaba. Miaka yote aliona dakika arobaini za Babu kuwa ni ubinafsi wa mzee asiye na kazi. Hakuwahi kujiuliza mtu aliyeamka alfajiri miaka thelathini na moja kwenda kazini hubaki na nini akishaambiwa asiende tena. Alibaki na bafu. Na yeye, kwa kubonyeza mara moja, akalichukua na hilo.

"Nisamehe, Babu."

"Tembea. Tutasameheana jioni."

Meneja alikuwa amesimama juu ya ngazi za ofisi, daftari la mahudhurio mkononi, wakati Kitinda alipotokea chini akiwa ametanguliwa na mzee wa malapa na taulo.

"Shikamoo, mzee," alisema Meneja.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kifurushi." Babu alimsukuma Kitinda mbele kidogo. "Andika kimefika."

Meneja alilitazama taulo. Akatazama saa ya ukutani, muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuisoma. Kisha akaandika. "Saa mbili kasoro dakika mbili," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Na kesho?"

"Kesho pia," alisema Babu.

Jioni hiyo Kitinda aliifungua orodha mezani, wote wakiwapo. Mjomba, aliyeoga asubuhi kwa mara ya kwanza tangu ahamie, alikuwa amewaletea mkate na tabasamu asiloweza kulifunga. Kitinda alifuta mia moja ya Babu.

"Babu, unatoka saa ngapi?"

Babu alikaa wima kitini. "Saa moja," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa Shangazi. "Kuna kifurushi nakipeleka."

Kitinda akaandika moja, akabonyeza. Mjomba wa kwanza. Dada wa pili. Kisha wakaja wawili wa saa moja, na mashine, kwa malezi yake, haikuwagusa. Iliwaacha kama ilivyowakuta, mkubwa mbele. Babu wa tatu, Kitinda wa nne.

"Kwa hiyo baada ya zogo lote hilo," alisema Shangazi, "bado unaoga baada ya Babu yako."

"Bado," alikubali Kitinda, na akaenda kuibandika.

Asubuhi ya Jumanne, saa kumi na mbili, alisimama koridoni na taulo lake, akajiegemeza ukutani kungoja dakika arobaini. Ndani maji yalimwagika mara tatu, haraka haraka, bila wimbo. Waya ukafunguliwa. Babu alitoka na povu bado kwenye sikio moja, dakika saba tu zimepita.

"Unangoja nini?" alisema. "Ingia, tutachelewa."